Maji ya Kiyoyozi Juu ya Vifaa vya Umeme: Hatari kwa Mgonjwa na Namna ya Kuidhibiti

Katika hospitali za ukanda wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, pamoja na Unguja na Pemba, kiyoyozi si kitu cha anasa. Chumba cha wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji, maabara na chumba cha kusafishia damu haviwezi kufanya kazi ipasavyo katika joto na unyevu wa nje. Mashine zilizomo huzalisha joto zenyewe, na nyingi kati yake zimeundwa zitumike katika hewa yenye ubaridi na ukavu wa kiasi. Hata hivyo, kiyoyozi hicho hicho kinachozilinda dhidi ya joto huzalisha maji muda wote kinapofanya kazi, na mara nyingi kimefungwa ukutani juu yake.

Watumishi wengi wa afya wamekwisha kuyazoea maji hayo. Beseni huwekwa sakafuni, kitambaa hutandikwa juu ya monita, na kazi huendelea. Makala haya yanaeleza maji hayo hutoka wapi, kwa nini huacha njia yake, yanavyoweza kumdhuru mgonjwa na mtumishi, na hatua zinazopaswa kuchukuliwa wodini na nyumbani. Hoja yake kuu ni moja: kiyoyozi kutoa maji ni jambo la kawaida, lakini tone linaloonekana ndani ya chumba chenye vifaa vya umeme ni dalili ya hitilafu, nayo inastahili kushughulikiwa kwa uharaka uleule tunaoipa kengele ya monita.

Maji hayo hutoka wapi?

Hewa tunayoivuta ina mvuke wa maji usioonekana kwa macho. Kiasi cha mvuke ambacho hewa inaweza kukibeba hutegemea joto lake. Hewa yenye nyuzi joto 30 huweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke katika kila meta moja ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzi 20, uwezo huo hushuka hadi gramu 17 hivi.

Tuchukue mfano wa siku ya masika jijini Dar es Salaam, hewa ikiwa na nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80. Kila meta ya ujazo ya hewa hiyo ina gramu 24 za maji. Ikiingia chumbani na kupozwa hadi nyuzi 20, gramu 7 hazina tena mahali pa kukaa, na hugeuka matone. Chumba chenye urefu wa meta 5, upana wa meta 4 na kimo cha meta 3 kina meta za ujazo 60. Kwa hiyo hewa ya chumba hicho ikibadilishwa mara moja tu, karibu nusu lita ya maji hutoka ndani yake. Msomaji anayefanya kazi wodini anajua mlango hufunguliwa mara ngapi kwa siku moja.

Kiwango cha joto ambacho hewa ikikifikia huanza kutoa matone huitwa halijoto ya umande. Kwa hewa tuliyoitolea mfano, kiwango hicho ni nyuzi 26 hivi. Kitu chochote chenye ubaridi uliozidi hapo, iwe glasi ya maji baridi, bomba la shaba au ubavu wa mashine, kitatokwa na jasho. Koili ya ndani ya kiyoyozi huwa na ubaridi mkubwa kuliko kitu kingine chochote chumbani. Ndiyo maana matone mengi huundwa juu yake. Kutoka hapo huangukia kwenye trei, kisha hupita katika bomba dogo la plastiki na kutoka nje. Katika hewa nyevu ya pwani, kiyoyozi kidogo cha ukutani huweza kutoa lita moja ya maji au zaidi kwa saa. Ndoo ya lita 10 iliyowekwa chini yake jioni inaweza kufurika kabla ya alfajiri. Kiyoyozi cha aina hiyo hiyo kikifungwa Dodoma, ambako hewa ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, kitatoa maji kidogo sana.

Kuondoa maji hewani ndiyo iliyokuwa kazi ya asili ya mashine hizi. Mhandisi wa Marekani Willis Carrier alipobuni mfumo wake mwaka 1902, lengo lilikuwa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, kwa kuwa karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea kulingana na hali ya hewa. Miongo kadhaa kabla yake, daktari John Gorrie wa Florida alikuwa amekwisha kutumia barafu kupoza vyumba vya wagonjwa wake wa homa, na mwaka 1851 akapewa hataza ya mashine ya kutengeneza barafu. Tangu mwanzo, basi, upozaji wa hewa uliambatana na tiba na uliambatana na maji. Kinachotupasa ni kuyapa maji hayo njia salama.

Kwa nini maji huacha njia yake?

Sababu inayojirudia zaidi ni bomba la kutolea maji kuziba. Vumbi lililopita kwenye chujio huchanganyika na unyevu, likaota utando wenye utelezi unaofanana na kamasi. Utando huo huziba bomba kidogo kidogo hadi trei inafurika na maji kuteremka ukutani.

Sababu ya pili ni ufungaji mbaya. Maji hayapandi mlima. Bomba linapaswa kuteremka kwa angalau sentimita 1 katika kila meta moja ya urefu wake, lisiwe na mahali lilipojipinda kuelekea juu, na ncha yake isizame ndani ya ndoo au dimbwi. Kiyoyozi chenyewe kikiwa kimeinama upande usio na bomba, trei itamwagika hata kama bomba ni safi.

Sababu ya tatu ni barafu. Chujio likijaa vumbi, au gesi ya kupozea ikipungua, koili hupoa kupita kiasi na kufunikwa na barafu. Kiyoyozi kinapozimwa, au umeme unapokatika, barafu yote huyeyuka kwa pamoja na trei haiwezi kuyapokea maji hayo. Hivyo uvujaji unaotokea mara tu baada ya umeme kukatika hauna budi kumfanya fundi achunguze chujio na gesi, pamoja na bomba.

Sababu ya nne ni bomba za shaba zisizofunikwa vizuri. Sponji nyeusi inayozizunguka ikichanika, bomba hutokwa na jasho katika safari yake yote, mara nyingi juu ya dari, mahali ambapo nyaya za umeme nazo hupita. Doa la kahawia kwenye dari ndilo tangazo la kwanza la tatizo hilo.

Sababu ya tano iko mikononi mwetu watumiaji. Kiyoyozi huwekwa nyuzi 16 huku mlango au dirisha likiwa wazi. Chumba hakifiki nyuzi 16, lakini hewa nyevu ya nje huingia bila kikomo, maji huongezeka, na vyuma vya vitanda na mashine vilivyokwisha kupoa huanza kutoka jasho.

Maji, umeme na mwili wa binadamu

Wapo wanaosema kwamba maji ya kiyoyozi ni kama maji yaliyotoneshwa, kwa hiyo hayapitishi umeme. Ni kweli kwamba maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida. Lakini maji haya yamepita juu ya koili yenye vumbi, trei yenye utando na ukuta wenye chokaa, na pwani hewa yenyewe ina chumvi. Yakifika kwenye soketi, yamekwisha kubeba vya kutosha kuupitisha mkondo.

Umeme wa majumbani na hospitalini hapa nchini ni wa volti 230. Ngozi kavu na isiyo na jeraha inaweza kuwa na ukinzani unaofikia omu 100,000. Mtu mwenye ngozi kama hiyo akigusa waya wenye umeme, mkondo unaopita mwilini mwake ni kama miliampia 2, kiasi cha kumshtua. Ngozi ikilowa, ukinzani unaweza kushuka hadi omu 1,000, na mkondo ukapanda hadi miliampia 230. Kwa kawaida mkondo wa miliampia 10 hivi hukaza misuli kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kuachia alichokishika. Mkondo unaozidi miliampia 30, ukipita kifuani kwa muda, unaweza kuuvuruga mwendo wa moyo ukabaki unatetemeka bila kusukuma damu. Kwa sababu hiyo vikatiza umeme vya kuwalinda watu hutengenezwa vikate umeme mara uvujaji unapofikia miliampia 30.

Mgonjwa mahututi yuko katika hatari kubwa kuliko mtumishi. Ngozi ndiyo ngao yetu ya kwanza dhidi ya umeme, naye ngao hiyo imetobolewa. Mgonjwa mwenye katheta iliyopitishwa katika mshipa mkubwa hadi karibu na moyo, au mwenye waya wa muda wa kuendeshea mapigo ya moyo, ana njia ya moja kwa moja ya mkondo kufika moyoni. Katika hali hiyo, mkondo mdogo mno, wa mikroampia 100 hivi, ambao mtumishi akiugusa hatahisi chochote, unaweza kuusimamisha moyo. Kikatiza umeme cha miliampia 30 hakitauona, kwa maana ni mdogo mara 300 kuliko kiwango chake. Kinachomlinda mgonjwa huyo ni mashine iliyo kavu na salama, waya wa ethi usiokatika, na mikono mikavu ya anayemhudumia.

Hatari haziishii kwenye umeme. Pakiti za vifaa vilivyotakaswa zikilowa zihesabiwe kuwa zimechafuka, hata zikikauka baadaye, kwa kuwa unyevu huvipa vijidudu njia ya kupenya kitambaa au karatasi. Ukuta unaolowa kila siku huota kuvu, na mbegu zake huwasumbua wenye pumu na wenye kinga dhaifu. Sakafu yenye utelezi huwaangusha wazee. Aidha, maji ya kiyoyozi yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya kulainisha oksijeni, kwenye mashine ya kufukizia dawa au kwenye chombo cha kuchemshia vifaa, hata kama yanaonekana maangavu. Ni maji yaliyokaa kwenye trei isiyo safi, na chochote kilichomo kitavutwa moja kwa moja hadi mapafuni.

Mashine inayohamishwa kutoka kwenye baridi

Kuna jasho jingine lisilotoka kwenye kiyoyozi, nalo husahaulika. Mashine ya utrasaundi iliyokaa usiku kucha katika chumba chenye nyuzi 18 ikisukumwa hadi wodi isiyo na kiyoyozi, itakutana na hewa ambayo halijoto yake ya umande ni nyuzi 26. Matone yataundwa juu ya kioo chake, na yataundwa pia ndani, juu ya sakiti ambazo hakuna anayeziona. Kuiwasha wakati huo ni kupitisha umeme juu ya sakiti zilizolowa.

Kanuni ni kuiacha mashine ifikie joto la chumba kipya kabla ya kuiwasha, kwa muda unaotajwa katika kitabu chake cha maelekezo. Ikiwa mashine huhamishwa mara kwa mara, afadhali itunzwe katika chumba chenye nyuzi 24 hadi 25 kuliko chenye nyuzi 16. Vilevile, vitepe vya kupimia sukari na vipimo vya haraka vilivyotoka kwenye jokofu viachwe vifikie joto la chumba vikiwa bado ndani ya pakiti iliyofungwa. Pakiti ikifunguliwa ikiwa ya baridi, unyevu hutua juu ya kipimo na majibu yanaweza kuwa ya uongo.

Matone ndani ya mirija ya kupumulia

Kwa wanaohudumia wagonjwa waliounganishwa na mashine ya kusaidia kupumua, sheria ile ile ya umande hufanya kazi ndani ya mrija. Hewa iliyopashwa joto na kulainishwa ikipita katika mrija unaopigwa na upepo wa kiyoyozi, mvuke wake hugeuka maji humo humo. Maji hayo yakijikusanya huongeza ukinzani wa hewa, huweza kuidanganya mashine idhani kwamba mgonjwa amevuta pumzi, na yakiteremka kuelekea kwa mgonjwa huingia mapafuni yakiwa na vijidudu.

Hivyo upepo wa kiyoyozi usielekezwe kwenye mirija wala kwenye kitanda. Kikombe cha kunasia maji kikae mahali pa chini kabisa pa mrija na kimwagwe mara kwa mara. Maji yaliyomo mrijani yaelekezwe mbali na mgonjwa kabla ya kumgeuza, na mtumishi avae glovu na kuosha mikono baadaye. Maji hayo yasimwagwe sakafuni wala karibu na mashine.

Tone likionekana: nini kifanyike?

Hatua hutegemea jibu la swali moja: je, maji yamekwisha kugusa kifaa cha umeme, soketi au waya?

Ikiwa bado hayajagusa:

1. Zima kiyoyozi.
2. Sogeza kitanda na mashine mbali na mahali maji yanapodondokea. Soketi ya kuunganishia, maarufu kama ekstensheni, iondolewe sakafuni.
3. Weka chombo cha kukingia maji, kausha sakafu, na weka alama ya kuonya.
4. Usiifunike mashine inayofanya kazi kwa nailoni au shuka. Itaziba matundu ya kupumulia, na mashine itapata joto kupita kiasi.
5. Mwite fundi, na andika katika daftari saa, mahali na jina la aliyepewa taarifa.

Ikiwa maji yamekwisha kugusa:

1. Usiiguse mashine, wala usichomoe plagi iliyolowa. Usisimame penye maji. Ita msaada kwa sauti.
2. Ikiwa mgonjwa anategemea mashine, mtumishi mmoja aandae mfuko wa kupumulishia kwa mkono na mtungi wa oksijeni, huku mwingine akienda kwenye ubao wa swichi kukata umeme wa chumba hicho au wa soketi husika.
3. Umeme ukishakatwa, mtenganisheni mgonjwa na mashine, mpumulisheni kwa mkono na mhamishieni mahali pakavu. Kumbukeni kwamba kifaa cha betri ya akiba huendelea kutoa umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Kama soketi inalishwa nacho, nacho kizimwe.
4. Mashine iliyolowa ibandikwe karatasi yenye maneno "Isitumike" na ikabidhiwe kwa fundi wa vifaa tiba. Isiwashwe kwa kujaribu, wala isikaushwe kwa kikaushia nywele au juani. Kukauka kwa nje si ushahidi wa usalama. Fundi ndiye atakayepima uvujaji wa umeme kabla ya kuirudisha kazini.
5. Ukitokea moto, umeme ukatwe na kizimamoto cha gesi ya kaboni dayoksidi kitumike. Maji yasitumike.

Mtu akipigwa na umeme, asiguswe kabla umeme haujakatwa. Ukishakatwa, aangaliwe kama anapumua. Ikiwa hapumui au anatweta tu, aanze kukandamizwa kifua mara moja, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, huku kifaa cha kuushtua moyo kikiletwa. Aliyepigwa na umeme akapata fahamu naye apimwe mwendo wa moyo, hata akisema kwamba yuko salama.

Ugumu wa mambo haya si katika kuyafahamu, ila katika kuyatenda usiku wa manane. Niliwahi kuitwa katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja ambapo maji ya kiyoyozi yalikuwa yamefika kwenye ekstensheni iliyolisha mashine ya kupumulia na pampu mbili za dripu. Muuguzi wa zamu alikwisha kushika mfuko na kumpumulisha mgonjwa, na mwenzake alikwisha kuzima swichi iliyo sahihi, kwa sababu kila swichi ubaoni ilikuwa imeandikwa jina la chumba chake. Mgonjwa alipona. Asubuhi yake tulifungua daftari la wodi. Kwa wiki tatu mfululizo, zamu baada ya zamu, palikuwa pameandikwa maneno yale yale: kiyoyozi kinavuja, beseni limewekwa. Kila aliyeandika alitimiza wajibu wake, lakini hapakuwa na aliyepewa wajibu wa kuyasoma. Fundi alipofika, alitoa gamba la utando lenye ukubwa wa kidole gumba kutoka kwenye bomba. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja.

Kinga

Waswahili husema usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kinga ya tatizo hili ni ya gharama ndogo, ila inahitaji ratiba na mtu anayewajibika nayo.

Uongozi wa kituo uhakikishe kwamba kiyoyozi hakifungwi juu ya kitanda, ubao wa swichi, mashine ya maabara au kabati la vifaa vilivyotakaswa. Kilichokwisha kufungwa mahali pabaya kihamishwe. Kisipowezekana, vihamishwe vilivyo chini yake. Wakati wa kusubiri, trei ya pili yenye bomba lake iwekwe, pamoja na swichi ya kuelea inayozima kiyoyozi maji yanapopanda. Bomba la maji litoke nje ya jengo, mbali na njia ya watu na mbali na nyaya. Aina ya kikatiza umeme kwa vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi ichaguliwe na mhandisi, kwa sababu katika vyumba hivyo umeme kukatika ghafla nako ni hatari.

Fundi asafishe machujio kila mwezi, na mara nyingi zaidi penye vumbi. Trei na bomba visafishwe na kupimwa kabla ya masika, kwa kumimina maji kwenye trei na kuangalia kama yanatoka nje bila kukwama. Sponji zilizochanika zibadilishwe. Kabla ya kufungua kiyoyozi, umeme wake ukatwe.

Watumishi wa wodi wafunge milango, waweke kiyoyozi kati ya nyuzi 22 na 25 isipokuwa pale kazi inapohitaji vinginevyo, na waangalie dari na kuta wakati wa kukabidhiana zamu kama wanavyoangalia oksijeni. Kwa vyumba vya upasuaji, viwango vinavyotumika sana kimataifa ni nyuzi 20 hadi 24 na unyevu wa asilimia 20 hadi 60. Kipimo kidogo cha unyevu kikitundikwa ukutani kitasema mapema kuliko dari. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 huku kiyoyozi kikifanya kazi, ama mlango uko wazi, ama kiyoyozi kina kasoro.

Zaidi ya hayo, taarifa ya uvujaji iwe na mpokeaji anayejulikana na muda wa kujibiwa. Katika chumba chenye mashine za kuokoa maisha, muda huo uwe siku hiyo hiyo.

Kwa mgonjwa anayetumia mashine nyumbani

Wagonjwa wengi sasa hurudi nyumbani na mashine ya kuzalisha oksijeni, mashine ya kufukizia dawa au mashine ya kusaidia kupumua usingizini. Ikiwa chumba kina kiyoyozi, zingatia yafuatayo.

Mashine isiwekwe chini ya kiyoyozi wala kwenye ukuta bomba lake linakopita. Iwekwe juu ya meza ndogo, mbali kidogo na ukuta ili ipate hewa, na ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Kama ekstensheni haiepukiki, isilazwe sakafuni.

Ikiwa mrija wa mashine ya usingizini hutoa sauti ya maji kama buruji usiku, chumba ni cha baridi mno kwa unyevu unaotolewa na mashine. Ongeza joto la chumba kwa nyuzi moja au mbili, elekeza upepo mbali na kitanda, na weka mashine chini ya usawa wa kichwa ili maji yarudi kwenye chombo chake badala ya kukufuata puani. Tangi lake litiwe maji yaliyotoneshwa yanayouzwa dukani, na limwagwe kila asubuhi.

Kiyoyozi kikianza kuvuja, kizime na umwite fundi. Usipande juu ya kiti ukakichokonoa kwa waya. Mashine ya oksijeni ikilowa, zima umeme kwenye swichi kuu, tumia mtungi wa akiba kama ulivyoelekezwa na hospitali, na uwasiliane na waliokupa mashine. Kama huna mtungi wa akiba na unahitaji oksijeni muda wote, nenda kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri mashine ikauke. Mpango huo ujulikane na kila mtu wa nyumbani kabla haujahitajika, na simu ya hospitali iandikwe mahali panapoonekana.

Hitimisho

Kila kiyoyozi kinachofanya kazi vizuri kitatoa maji, na pwani kitatoa mengi. Yakiwa na njia safi inayoteremka hadi nje, hayana madhara. Yakidondoka juu ya mashine inayompa mgonjwa pumzi, yanaweza kukatiza pumzi hiyo, au kupitisha mkondo hadi kwenye moyo usio na kinga ya ngozi. Kati ya hali hizo mbili pana chujio la kuoshwa, bomba la kuzibuliwa, swichi ya kuandikwa jina na daftari la kusomwa. Leo, kabla ya kukabidhi zamu au kabla ya kulala, inua macho utazame kiyoyozi kilicho juu ya mashine yako. Ukiona doa, utando au tone, mwite fundi leo.